Kompaila za C: Ipi Hukosea, Ipi Hukueleza Ulipokosea

Andika mstari huu katika programu ya C:

if (salio = 0) printf("Huna salio\n");

Aliyeuandika alitaka kuuliza: je, salio ni sifuri? Kidole kikateleza, akaweka alama moja ya usawa badala ya mbili. Katika C, alama mbili huuliza, moja huamuru. Hapa mashine imeamriwa iweke sifuri kwenye salio. Mteja aliyekuwa na shilingi 50,000 amebaki mikono mitupu, na hata ule ujumbe wa "Huna salio" hauoni, kwa sababu sifuri katika C maana yake ni "si kweli", hivyo printf inarukwa.

Kwa sheria za lugha, mstari huo ni halali. Kompaila hailazimiki kuukataa. Kinachobaki ni kujua kama itakutahadharisha, na hapo ndipo kompaila zinapoachana njia. GCC ukiiita bila chaguo lolote, inanyamaza. Ukiiongezea -Wall, inatoa onyo na kupendekeza uzungushie mabano. Clang inaonya bila kuombwa, kisha inakupa njia mbili: kama ulikusudia hivyo, weka mabano, kama ulitaka kulinganisha, tumia alama mbili. Kompaila ya Microsoft, maarufu kama MSVC, haisemi kitu mpaka upandishe kiwango cha maonyo hadi cha nne. Na Turbo C ya Borland, mtoto wa miaka ya 1980, ilionya yenyewe kwamba huenda umekosea.

Msimbo ni ule ule na kosa ni lile lile, lakini anayeanza kujifunza atafundishwa kitu tofauti kulingana na kompaila aliyoikuta kwenye mashine yake. Tena angalia ushauri wa GCC kwa jicho la mwanafunzi. Ameambiwa aweke mabano, anaweka mabano, onyo linatoweka, fedha za mteja zinaendelea kufutwa. Onyo lilikuwa la kweli, ila halikumfikisha kwenye kosa.

Ndiyo maana naona tunapozilinganisha kompaila kwa kasi ya programu zinazotoka, tunapima jambo moja na kuyaacha matatu yanayomgusa mwandishi kila siku: hitilafu zilizomo ndani ya kompaila yenyewe, ubora wa ujumbe inaoutoa, na nyaraka za msaada zinazoambatana nayo.

Kwa nini zinatofautiana

C ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie. Kiwango rasmi cha kwanza kilitoka mwaka 1989. Kiwango hicho kilieleza kwa kina programu halali inatakiwa ifanye nini. Kuhusu programu yenye kosa, kilidai tu kwamba kanuni fulani zikivunjwa, kompaila itoe taarifa. Taarifa hiyo iweje, ielekeze mstari upi, ishauri nini, hayo yaliachwa kwa mtengenezaji. Hata neno moja, "kosa", lingetosha kisheria.

Kila mtengenezaji akajaza pengo hilo kwa namna yake. GCC ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987 kama sehemu ya mradi wa GNU, ikiwa huru kwa yeyote kuitumia na kuibadili. Mwaka huo huo Borland ilileta Turbo C, iliyoweka kihariri, kompaila na msaada ndani ya dirisha moja. Microsoft iliendeleza kompaila yake kwa ajili ya DOS na baadaye Windows. Kisha ikaja Clang, iliyotoka Apple mwaka 2007 na kujengwa juu ya LLVM, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 chini ya Chris Lattner. Waasisi wa Clang walitangaza mapema kwamba ujumbe unaoeleweka ni mojawapo ya malengo yao makuu. Dai hilo lilibadili mambo, kama tutakavyoona.

Hitilafu za kompaila yenyewe

Kompaila nayo ni programu iliyoandikwa na watu, kwa hiyo ina makosa. Makosa hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza yana kelele: kompaila inaanguka ikiwa kazini, inakiri kwamba imepatwa na kosa la ndani, na hakuna programu inayotoka. Yanaudhi, lakini hayamdanganyi mtu. Ya pili ni ya kimya: kompaila inamaliza kazi bila onyo, na programu inayotoka inatoa jibu lisilo sahihi. Haya ndiyo ya kuogopwa.

Mwaka 2008, Eric Eide na John Regehr wa Chuo Kikuu cha Utah walipima kompaila 13 zinazotumika kazini kwa neno moja tu la C, volatile. Neno hili huiambia kompaila: usikisie thamani iliyoko mahali hapa, isome upya kila mara, kwa kuwa kifaa cha nje kinaweza kuibadili. Ni neno linalotegemewa na waandishi wa programu za mita, vihisi na mashine. Kompaila zote 13 zilikosea mahali fulani.

Miaka mitatu baadaye, wawili hao pamoja na Xuejun Yang na Yang Chen walichapisha matokeo ya chombo chao, Csmith. Chombo hiki kinatunga programu za C kwa bahati nasibu, zote zikiwa ndani ya kanuni za lugha, kisha kinaipeleka kila programu kwa kompaila kadhaa. Majibu yakifanana, kinaendelea. Moja ikitoa jibu la peke yake, hiyo ndiyo mshukiwa. Ndani ya miaka mitatu waliripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana. Kila kompaila waliyoipima ilianguka, na kila moja ilitoa msimbo mbovu kimyakimya.

Mwaka 2014, Vu Le, Mehrdad Afshari na Zhendong Su walikuja na mbinu nyingine. Wanachukua programu iliyopo, wanaiendesha, wanatazama ni mistari ipi haikuguswa kabisa, kisha wanaifuta baadhi yake. Kwa data ile ile, jibu halipaswi kubadilika, maana kilichofutwa hakikutumika. Likibadilika, mwenye kosa ni kompaila. Walithibitishiwa hitilafu 147 katika GCC na LLVM. Mwaka huo huo wasanidi wa Linux waligundua kwamba GCC 4.9.0 iliharibu sehemu ya kiini cha mfumo huo kwa kuhifadhi thamani kwenye kumbukumbu kabla nafasi yake haijatengwa.

Je, ipo iliyosalimika? CompCert ya Xavier Leroy na wenzake, kutoka taasisi ya INRIA ya Ufaransa, ndiyo inayokaribia. Usahihi wake umethibitishwa kihisabati, hatua kwa hatua, na uthibitisho wenyewe kukaguliwa na kompyuta. Wale wa Csmith waliipima kwa muda wa prosesa unaofikia miaka sita. Walipata makosa katika sehemu ambazo hazikuwa na uthibitisho. Katika kiini kilichothibitishwa hawakupata hitilafu kama zile walizozikuta kwingine. Bei yake ni kwamba haiharakishi msimbo kwa kiwango cha GCC au Clang katika ngazi zao za juu, na inahudumia aina chache za prosesa. Kwa programu inayobeba maisha ya watu, bei hiyo ni halali kabisa.

Kati ya GCC na Clang, sioni msingi wa kumtangaza mshindi kwenye kipengele hiki. Zote mbili zina daftari la hitilafu lililo wazi kwa umma, na kuhesabu ripoti hakusaidii, kwani kompaila yenye watumiaji wengi huripotiwa mengi. Mfano mzuri ni ripoti namba 323 ya GCC, ya mwaka 2000, kuhusu namba za desimali zinazobadilika kidogo bila sababu ya wazi. Watu wengi waliiripoti upya mwaka baada ya mwaka. Chanzo kilikuwa prosesa za zamani za Intel, ambazo zilikokotoa kwa biti 80 kisha thamani ikapunguzwa ilipohifadhiwa. Saa nyingi za waandishi zilipotelea hapo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu anapopiga kelele kuwa kompaila imemharibia programu, mara nyingi kikulacho ki nguoni mwake. C ina orodha ndefu ya vitendo ambavyo kiwango kinakataa kuvifafanua: kusoma nje ya mipaka ya safu, kufuata kielekezi kitupu, kujumlisha namba ya int hadi ifurike. Ukitenda hivyo, kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba hukutenda. Mwaka 2009 ilionekana ndani ya Linux kwamba sehemu moja ya mtandao ilitumia kielekezi kwanza, kisha ndipo ikakagua kama ni kitupu. GCC ikajenga hoja: kama tayari kimetumika, basi hakiwezi kuwa kitupu, kwa hiyo ukaguzi hauna kazi. Ikaufuta. Mlango wa wavamizi ukawa wazi. Kompaila haikuvunja sheria hata moja. Msimbo ndio ulioivunja. Tangu hapo Linux hujengwa kwa chaguo linaloizuia GCC kufuta ukaguzi wa namna hiyo.

Ujumbe wa makosa

Kila muhula hunijia mwanafunzi na skrini yake. "Mwalimu, mstari wa saba una kosa gani? Nimeusoma mara kumi." Mstari wa saba hauna kosa lolote. Nuktamkato imesahaulika mwishoni mwa mstari wa sita.

Tazama mistari hii miwili:

int jumla = 0
jumla = jumla + bei;

GCC hulalamikia mstari wa pili: ilitarajia mkato au nuktamkato kabla ya jumla. MSVC nayo huelekeza kwenye mstari wa pili na kusema nuktamkato inakosekana kabla ya jina hilo. Clang huelekeza mwishoni mwa mstari wa kwanza, pale hasa nuktamkato inapotakiwa kukaa, na kuichora chini yake.

Kompaila zote tatu zimegundua kosa wakati ule ule. C haijali mwisho wa mstari, kwa hiyo kosa haligunduliki mpaka neno linalofuata lisomwe. Tofauti iko kwenye uamuzi: uripoti mahali ulipogundua, au mahali mwandishi anapotakiwa kurekebisha? GCC na MSVC zinaeleza safari yao wenyewe. Clang inamfikiria anayesoma. Kwa aliyezoea, tofauti hiyo ni ya sekunde mbili. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ni jioni nzima, na wengine huiacha fani jioni hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu GCC ilikuwa ikitaja jina la faili, namba ya mstari na sentensi moja kavu. Clang ilipokuja ikiuonyesha mstari wenyewe, ikaweka mshale chini ya kosa, na ukikosea herufi ikakuuliza kama hukumaanisha jina fulani, waandishi walianza kuilinganisha na GCC kwa sauti. GCC ikaitikia. Toleo la 4.8 la mwaka 2013 lilianza kuonyesha mstari na mshale bila kuombwa, la 4.9 likaleta rangi. Matoleo yaliyofuata yakaleta mapendekezo ya tahajia na ya marekebisho, kazi iliyoongozwa kwa sehemu kubwa na David Malcolm wa Red Hat. Ushindani huo umewafaidi hata wasiotumia Clang kabisa.

Yako maeneo ambako GCC sasa imetangulia. Tangu toleo la 10, la mwaka 2020, chaguo lake la -fanalyzer hufuatilia njia za programu na kukusimulia hatua kwa hatua: hapa kumbukumbu ilitengwa, hapa iliachiliwa, hapa ukaiachilia tena. Hiyo ni simulizi kamili ya kosa, yenye mwanzo na mwisho.

Wingi wa ujumbe nao ni tatizo. Bano moja likisahaulika huweza kuzaa malalamiko arobaini, na yote isipokuwa la kwanza ni mwangwi tu. Clang husimama yenyewe ikifikisha makosa 20. GCC huendelea hadi mwisho isipowekewa kikomo. Kanuni ninayoisisitiza darasani ni hii: rekebisha kosa la kwanza, kisha kompaili upya. Usiguse la pili.

Kuna wanaosema ujumbe hauna maana kwa kuwa hakuna anayeusoma. Utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na Titus Barik ulifuatilia macho ya washiriki 56 wakitafuta makosa katika programu. Waliutazama ujumbe wa makosa kati ya asilimia 13 na 25 ya mara walizokaza macho, na kuusoma kuliwapa taabu inayokaribia ile ya kusoma msimbo wenyewe. Utafiti ulihusu Java, lakini hoja inasimama: watu wanausoma. Wanachokosa ni maana.

Mabadiliko makubwa ya karibuni ni kwamba maonyo ya zamani yamepandishwa cheo. Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 zinakataa kabisa kuita funksheni ambayo haijatangazwa, jambo ambalo kiwango cha 1999 kilikwisha kulipiga marufuku. Kwa karibu robo karne kompaila zilikuwa zikinong'ona tu. Programu nyingi za zamani ziligoma kujengwa, na wengi walilalamika. Mimi naunga mkono uamuzi huo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nyaraka za msaada

Hapa mpangilio unageuka. MSVC, iliyokuwa nyuma kwenye nuktamkato, inaongoza. Kila kosa lake lina namba, na namba nyingi zina kurasa zake. Ile nuktamkato iliyokosekana kabla ya jina ni C2146. Fungua ukurasa wake utakuta maelezo, sababu zinazowezekana na mfano mfupi wa msimbo unaozaa kosa hilo. Mwanafunzi hahitaji kubahatisha maneno ya kutafuta.

GCC ina kitabu kikubwa, chenye mamia ya kurasa, kinachosafiri pamoja na programu. Andika man gcc kwenye terminali, sehemu yake ya machaguo inafunguka bila intaneti. Kimepangwa kwa machaguo, si kwa makosa, kwa hiyo ni hazina kwa anayejua anachokitafuta. Maonyo yake hubeba jina la chaguo ndani ya mabano ya mraba, mfano -Wparentheses, na jina hilo ndilo ufunguo wa kuingilia kitabuni. Makosa kamili hayana ufunguo kama huo, na hilo ni pengo.

Clang, bingwa wa ujumbe, ndiyo dhaifu zaidi kwenye nyaraka. Ina orodha ndefu ya maonyo iliyotolewa na kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye msimbo wake, lakini mara nyingi utakuta jina la onyo na maneno yake tu, bila ufafanuzi wala mfano. Ni kana kwamba ujumbe mzuri umewafanya waone maelezo hayahitajiki.

Turbo C inastahili heshima moja: weka kishale juu ya neno, bonyeza Ctrl na F1, maelezo na mfano vinafunguka papo hapo. Kwa shule isiyo na mtandao, au kijana anayehesabu bando lake, hiyo ilikuwa neema. Lakini heshima hiyo isitufanye tuendelee kufundishia kompaila ya DOS. Int ya Turbo C ina biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Yule mteja wetu wa shilingi 50,000 angesomeka kuwa ana salio la -15,536. Anayejifunza humo anabeba mazoea yaliyokoma kabla ya kiwango cha 1999, kisha anayafundisha kwa wengine.

Lugha ya ujumbe

Ujumbe wa GCC umetenganishwa na msimbo wake ili uweze kutafsiriwa, na watu wa kujitolea wamekwisha kuuweka katika lugha nyingi, zikiwemo Kivietinamu, Kiindonesia na Kiukreni. MSVC ina pakiti za lugha kadhaa. Clang inasema Kiingereza tu. Kiswahili hakimo katika hata moja.

Najua pingamizi: ujumbe uliotafsiriwa ni mgumu kuutafuta mtandaoni. Pingamizi hilo lina jibu, na MSVC imekwisha kulionyesha. C2146 ni C2146 kwa Kijerumani na kwa Kijapani. Palipo na namba au jina la chaguo, tafsiri haimpotezi mtu. Wala hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Waliotafsiri menyu na madirisha walithibitisha kwamba istilahi zinapatikana zikitafutwa.

Hukumu yangu

Anayejifunza C aanze na Clang, kwa kuwa ndiyo inayomwelekeza mahali pa kurekebisha. Asiye na kompyuta anaweza kuisakinisha kwenye simu ya Android kupitia Termux. Programu ikishakamilika, ipitishwe pia kwa GCC ikiwa na -Wall na -Wextra, kisha iendeshwe na -fsanitize=address,undefined, chaguo ambalo kompaila zote mbili zinalo na ambalo hunasa makosa yasiyoonekana wakati wa kukompaili. Kompaila mbili zikitofautiana, usizipuuze: ama umevunja kanuni ya lugha, ama umekutana na hitilafu ya kweli. Kurasa za MSVC zisome hata kama hutumii Windows. Na rasimu ya mwisho ya kiwango cha C11, N1570, inapatikana bure; iweke karibu.

Walimu wenzangu, tuondoe Turbo C kwenye maabara zetu na tuwafundishe vijana kusoma ujumbe kabla ya kuwafundisha kuandika vielekezi. Na nyinyi mnaokijua Kiswahili na C kwa pamoja, mlango wa kutafsiri ujumbe wa GCC uko wazi na hauna ada. Sentensi ya kwanza ya kutafsiri naipendekeza hapa: "Ilitarajiwa nuktamkato."